Asubuhi Tuliyofundishwa Kutazama

Mafunzo kazini niliyokuwa nimeyazoea hadi wakati ule yalikuwa na sura moja. Walimu wa elimu ya awali tunakusanywa ukumbini, mwezeshaji anasimama mbele na bango kitita, tunagawiwa kalamu rashasha, tunakaa vikundi na kuorodhesha "changamoto" huku na "utatuzi" kule. Kikundi kinawasilisha, makofi yanapigwa, jioni vyeti vinatolewa. Semina hizo sizidharau. Humo nilipata marafiki ambao mpaka leo tunaulizana habari za kazi. Lakini Jumatatu nikirudi darasani, watoto wakinizunguka wote kwa pamoja, sikuona cha kuchomoa katika zile karatasi.

Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba safari hii tutafunzwa ndani ya darasa lenye watoto, siku ya kawaida ya masomo, mimi nilifurahi. Baadhi ya wenzangu walinung'unika. Walisema watoto watatuvuruga, hatutasikia kitu, na tena tutakaa wapi, maana viti vya chekechea havimwenei mtu mzima. Kweli, wengi wetu tuliishia kukaa sakafuni.

Mwezeshaji wetu alikuwa mama wa makamo aliyefundisha madarasa ya awali kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkufunzi. Alitupokea mlangoni kabla watoto hawajafika, akampa kila mmoja karatasi iliyopigwa mstari katikati. Juu, upande wa kushoto, paliandikwa "Nilichoona na kusikia". Upande wa kulia, "Ninachodhani".

"Walimu wangu," alisema, "huu upande wa kulia mtauacha mtupu mpaka niwaambie. Andikeni mikono inafanya nini, macho yanatazama wapi, mdomo unasema nini. Mtundu, mvivu, mwerevu, hayo yaacheni kwanza."

Kaka mmoja akauliza, "Na mtoto akikosea, Mama, tuandike?"

"Andika alichofanya, mwanangu. Kama ni kosa tutalijua baadaye."

Tukapangwa watatu watatu, kila kikundi na mtoto mmoja, kwa dakika kumi. Mimi niliangukia pamoja na huyo kaka, na dada mmoja tunayefundisha naye kituo kimoja. Mtoto wetu alikuwa mvulana wa miaka minne hivi, mwenye shati la mistari, aliyekwenda moja kwa moja kwenye kona ya maji.

Kona yenyewe ilikuwa meza fupi yenye beseni, na ndani ya beseni kikombe kipana cha plastiki, chupa ndefu nyembamba, kijiko na sponji. Alijaza kikombe, akamimina kutoka juu kuelekea mdomo wa chupa. Karibu maji yote yakaishia mezani. Alitazama meza, akatazama chupa. Mara ya pili aliishika chupa shingoni kwa mkono wa kushoto, na bado maji mengi yakapita pembeni. Safari iliyofuata aliibana chupa kati ya tumbo na ukingo wa meza, akagusisha mdomo wa kikombe kwenye mdomo wa chupa, akamimina polepole mpaka kikombe kikabaki kitupu. Ulimi ulikuwa umetoka nje kidogo, pembeni mwa mdomo. Kisha akaweka kidole kwenye chupa, usawa wa maji yalipofika, akasema peke yake: "Yamekuwa mengi."

Akayarudisha kwenye kikombe. "Yamepungua." Akayamimina tena kwenye chupa.

Kulikuwa na mtoto mwingine, msichana, aliyekuwa amesimama kando muda wote huo bila kugusa kitu. Alimtazama tu. Mvulana alipoanza kujaza kikombe upya, yule msichana alisogea akaishika chupa kwa mikono miwili ili isitikisike. Hakuna aliyemwomba. Mvulana alimtazama usoni, akasema, "Shika hivyohivyo," wakaendelea.

Mkono ulikuwa unaniwasha. Kila mwalimu wa awali anaujua ule msukumo wa kutaka kusogea na kusema, "Hongera! Sasa niambie, hiki ni kirefu au kifupi?" Nilibaki na kalamu yangu.

Watoto walipotoka kwenda kucheza nje, tulikaa kusoma tulichoandika, na hapo ndipo mafunzo yalipoanza hasa. Watatu sisi tulikuwa tumetazama kona moja kwa dakika zilezile, lakini karatasi zetu hazikufanana. Mimi nilikuwa nimejaza habari za mikono: ilivyobadilika mshiko baada ya mshiko. Dada yangu alikuwa ameandika maneno, kila neno lililotamkwa na lilitamkwa mtoto akitazama nini. Kaka alikuwa na mistari michache tu, na wa kwanza ulisema, "Mtoto hatulii, anapenda kumwaga maji."

Mama hakumkemea. Alimuuliza kwa upole, "Ulimwona akifanya nini?"

"Alimwaga maji, mara nyingi."

"Yakamwagikia wapi?"

Kaka akafikiri. "Mwanzoni mezani." Akanyamaza kidogo. "Baadaye yakawa yanaingia kwenye chupa."

"Nini kilibadilika katikati?"

Akageuka kutazama karatasi yangu, tukaanza kusaidiana kupanga: kwanza hakushika chupa, kisha akaishika shingoni, kisha akaibana, kisha akapunguza kasi, mwishowe akapata msaidizi. Ndani ya ule "utundu" kulikuwa na mtoto aliyejaribu njia moja, akaona matokeo, akabadili kitu kimoja, akajaribu tena. Mama alimwambia, "Mwanangu, hicho ulichokisema sasa hivi ndicho cha kuandika kwenye taarifa ya mzazi." Kaka akachukua karatasi mpya akaandika upya palepale.

Ndipo tukaruhusiwa kujaza upande wa kulia. Dada akasoma yale maneno mawili, "yamekuwa mengi" na "yamepungua", na Mama akatueleza habari za Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, aliyekuwa akiwamiminia watoto maji kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba na kuwauliza yako mengi wapi. Mtoto wa umri huu kwa kawaida husema chembamba kina maji mengi, kwa sababu usawa umepanda, na macho yake yameshika urefu peke yake yakauacha upana. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni na kulijibu kwenye mtihani. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kumsikia mtoto akilitamka mwenyewe, bila kuulizwa na mtu yeyote, huku kidole chake kikiwa kwenye chupa, ni kitu kingine kabisa.

Watoto waliporudi, Mama alikaa sakafuni karibu na yule mvulana. Alimwacha amimine kwanza. Kisha akauliza, "Haya maji ya kwenye chupa na yale yaliyokuwa kwenye kikombe, mengi ni yapi?"

Mtoto hakujibu. Alitazama chupa. Kimya kikarefuka, na nikaona wenzangu wanaanza kujitikisa. Dada yangu alikuwa ameinamia mbele kama anayetaka kumsaidia. Mama alikuwa ametulia, uso wake kwa mtoto, na mkono wake ukiwa gotini: kidole kimoja kikibonyeza, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu.

"Ya kwenye chupa," mtoto akasema. "Kwa sababu yamepanda hapa." Kisha, baada ya kimya kingine, akaongeza jambo ambalo nililiandika na kulipigia mstari: "Lakini ni yaleyale."

Mtoto mmoja, pumzi moja, anasema maji ni yaleyale na bado yameongezeka. Tulibishana sana juu ya sentensi hiyo. Mwenzetu mmoja alitaka Mama amweleweshe mtoto palepale, kwamba kama ni yaleyale basi hayawezi kuzidi. Mama alikataa. Alisema mtoto wa miaka minne anaweza kujua kwamba maji ni yaleyale na bado akaamini yamezidi. Ukimpa jibu leo atalikariri, na kesho atakuonyesha tena chupa. Alichokifanya yeye ni kuongeza kwenye beseni kikombe cha pili kipana, kinacholingana na kile cha kwanza, ili mtoto awe na kitu cha kulinganisha. Akaondoka pale. Nadhani katika asubuhi nzima, kile kikombe cha pili ndicho kitendo cha ualimu kilichonigusa kuliko vyote. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, aliandika juu ya yale ambayo mtoto hayawezi bado peke yake lakini anayaweza akipata mkono wa mwenzake au mkubwa wake, na mimi siku zote nilikuwa nikifikiri mkono huo lazima uwe maneno ya mwalimu. Kumbe kikombe kinatosha. Hata yule msichana aliyeshika chupa alikuwa mkono huo.

Kuhusu vidole vitatu, Mama alitueleza mchana. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza kanda za sauti za madarasa na kukuta kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kwa wastani sekunde 1 hivi kabla ya kurudia, kuuliza lingine au kujijibu wenyewe. Walimu waliozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi walianza kusikia majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa wakinyamaza siku zote wakaanza kusema. Ile "ni yaleyale" ilikuja ndani ya kimya cha pili, baada ya jibu la kwanza, pale ambapo wengi wetu tungekuwa tumeshasema "vizuri sana" na kuhamia kwa mtoto mwingine.

Nina msimamo juu ya hili na sitauficha. Mwalimu wa awali hawezi kujifunza kusubiri kwa kuelezwa kwamba kusubiri ni kuzuri. Anatakiwa aone mtu akisubiri mbele ya mtoto halisi, kisha asubiri yeye mwenyewe huku mtu anayejua akimtazama, kisha wakae wazungumze. Bruce Joyce na Beverley Showers, waliochunguza mafunzo ya walimu kuanzia miaka ya 1980, walisisitiza jambo hilohilo: nadharia na maonyesho peke yake huingia darasani kwa nadra sana, mpaka mwalimu apate mwenza wa kumfuata na kumsaidia kazini. Wanaopanga bajeti za mafunzo hupenda ukumbi kwa sababu ukumbi huchukua watu wengi kwa siku moja. Hesabu ya waliohudhuria inakuwa nzuri. Ningetamani pia ihesabiwe idadi ya walimu waliotembelewa baadaye.

Watu hupenda kutaja ule mradi wa elimu ya awali wa Perry ulioanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, wakionyesha jinsi watoto 58 waliopata elimu ya awali walivyofanya vizuri ukubwani kuliko wenzao 65 ambao hawakuipata. Ni kweli. Lakini hao 58 walikuwa na walimu waliosomea kazi, watoto sita hivi kwa mwalimu mmoja, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kukaa naye pamoja na mama yake. Ukitaja matunda hayo, taja na aliyeyapalilia, na muda aliopewa wa kupalilia.

Mama alikuwa ametuahidi kwamba atatutembelea madarasani kwetu, na alitimiza ahadi yake. Majuma machache baadaye alikuja darasani kwangu, akakaa pembeni na karatasi ileile yenye mstari katikati, na safari hii aliyeandikwa nilikuwa mimi. Aliponisomea upande wa kushoto, nilisikia maswali yangu mwenyewe yakisomwa moja moja, na chini ya kila swali alichojibu mtoto. Hakuweka alama wala maksi. Aliniuliza ningependa aangalie nini akija tena. Nikamwambia aniangalizie watoto ambao sijawauliza kitu asubuhi nzima. Alikuja, akanipa orodha yao.

Mimi na dada yangu tukaenda kwa mwalimu mkuu kuomba saa moja kila Ijumaa, watoto wakishaondoka, walimu tukae kusomeana tulichoandika. Aliuliza tutaipunguza kutoka kwenye nini. Tukamwambia kwenye kupamba kuta. Alisita, kwa sababu wageni hupenda kuta zilizopambwa, kisha akakubali kwa muhula mmoja tujaribu. Ijumaa ya kwanza alikuja mwenyewe. Dada akasoma habari za mtoto aliyepanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa na kukataa kimoja kila alipokifikia. Tukatumia saa nzima kujadili kwa nini alikikataa, na mwalimu mkuu ndiye aliyependekeza tukiache kifuniko hicho mezani Jumatatu tuone atakifanyia nini.