Kunguni aliyekuwa akiangusha vidaka vya babu

Babu yangu alikuwa mkwezi hapa Unguja, na utotoni kazi yangu ilikuwa kuokota vidaka, yaani nazi changa, vilivyoanguka chini ya minazi. Vingi vilikuwa na tone la utomvu ulioganda ubavuni, rangi ya asali. Babu alisema ni upepo. Bibi alisema ni husuda ya watu. Tukavikusanya, tukavitupa, na panda, yaani shada la nazi, lililoanza na vidaka tele likaishia kukomaza nazi tatu.

Nikaja kusoma wadudu. Siku moja mwalimu aliweka mbele yangu kunguni wa mimea, si yule wa kitandani, wa kahawia, mrefu kupita sentimita moja kidogo, amechomwa pini, na chini yake kibandiko: Pseudotheraptus wayi. Akasema, "Huyu ndiye anayeangusha vidaka kwenu." Nililia, sikuona haya.

Mdudu huyo alikuwa kwenye minazi yetu kabla hajawa na jina. Mtafiti Michael Way alimchunguza Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika makala yake ya 1953 aliweza kumwita Theraptus tu, jina la jenasi, yaani kundi la spishi jamaa, bila jina la pili, maana spishi yake ilikuwa bado haijaandikwa kisayansi. Mwaka 1955 mtaalamu wa wadudu E. S. Brown akamwandika rasmi, akaona hata Theraptus si mahali pake. Akamfungulia jenasi mpya, Pseudotheraptus, maana yake "Theraptus wa uongo", na jina la pili akamtunuku Way.

Kumwandika mdudu ni kazi ya kukaa. Nimewahi kumaliza asubuhi nzima juu ya kipapasio kimoja chini ya hadubini: pingili nne, kila moja ipimwe, ilinganishwe na ya jamaa zake. Kisha mabega, kisha mrija wa kufyonzea. Mwisho unafika kwenye viungo vya uzazi vya dume, unaviloweka katika kemikali kali hadi nyama iyeyuke libaki gamba, kwa sababu kunguni wanaofanana kama pacha mara nyingi hutengana hapo. Mmoja kati ya uliowakusanya anakuwa kielelezo cha jina, na yeyote atakayekuwa na shaka baadaye atarudi kumtazama yeye.

Ukishamjua, mengine yanafunguka. Anatoboa kidaka kichanga, mate yake yanaua nyama ya ndani, kidonda kinatoa utomvu, kidaka kinaanguka. Kinachopona kinakua na makovu, kimepinda. Na hawahitaji kuwa wengi: wachache tu juu ya mnazi wanatosha kuumalizia vidaka vingi, ndiyo maana babu alikwea maisha yake yote asiwatilie maanani.

Lakini kuna jambo la Way linalonirudisha kwa babu kila mara. Aliona kwamba minazi yenye maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, inasalimika, kwa sababu wanamfukuza kunguni. Tena kuna chungu wengine wa ardhini, Pheidole megacephala, ambao huwafurusha maji moto huku kunguni wakimwacha astarehe. Babu aliwachukia maji moto kwa jinsi wanavyouma. Kabla ya kukwea aliwasha makuti, akaunguza viota vyao. Alikuwa akichoma walinzi wake, na hakuna aliyewahi kumwambia. Makala zilikuwa zimeshaandikwa, kwa Kiingereza, mbali na shamba lake. Hilo linaniuma kuliko vidaka vyote.

Shamba sasa tunalitunza mimi na kaka. Tumefunga kamba kutoka mwembe hadi minazi mitano ya karibu ili maji moto wapite bila kugusa ardhi, na msimu uliopita viota viwili vilishonwa juu ya makuti. Mkwezi wetu anadai nyongeza kwa kila mnazi wenye viota. Tunampa.