Yameganda

Jana asubuhi tuko Arusha kwa bibi yake, baridi ya Julai mnaijua, binti yangu kageuza chupa ya mafuta ya nazi kichwa chini kaitikisa weee, halafu akanifuata jikoni, "Mama, yameganda." Neno dogo tu, ila nilibaki nimesimama na mwiko mkononi.

Maana ndo neno lililonijia siku ile thieta, nikiwa bado najifunza mashine ya moyo na mapafu, ile inayozungusha damu ya mgonjwa wakati wa upasuaji. Mgonjwa anabadilishiwa valvu ya moyo, moyo umesimama, tunashusha joto la damu, nyuzi 34, 32, 30. Kufika 28 naona geji ya presha ya kabla ya filta, chujio la damu, inapanda, ya baada ya filta haipandi. Zingepanda zote mbili ningesema kikwazo kiko mbele, kwenye mrija unaorudisha damu mwilini, ila pengo likikua kati yao ujue ni filta yenyewe, na matundu yake ni mikroni 40 tu. Kichwani nikasema basi, imeganda.

Mkono ukaenda kwenye klempu, kibano kinachofunga ule mrija wa pembeni unaoiruka filta. Ukiifungua, damu inapita kiurahisi, lakini inapita bila kuchujwa, kama kuna bonge au kiputo cha hewa kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo wa mtu. Sijui nilikaa vile muda gani. Chuma kilikuwa cha baridi, vidole vyangu vinakikumbuka mpaka leo. Mwalimu nyuma yangu akasema taratibu, "Mdogo wangu, pima kwanza."

Tukapima. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, imeshika: damu inachukua sekunde 520 kuganda, sisi tunataka 480 kwenda juu. Haikuganda, ilikuwa nzito tu, damu yake ilikuwa na chembe nyingi tangu mwanzo na baridi ikaizidishia uzito. Tukaongeza maji ya dripu kwenye mashine, tukapandisha joto kidogo, pengo likaanza kupungua. Baadaye tukampasha polepole, maana damu baridi inabeba gesi nyingi na ukiharakisha inatoka viputo. Kesho yake akaomba maji ya kunywa.

Kinachonirudia ni ile klempu. Mwalimu asingekuwepo ningefungua? Huwa najiambia hapana, lakini mkono ulikuwa umeshafika.

Chupa nimeiweka kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu. Binti kakaa pembeni yake, kila saa anauliza, "Mama, bado?"