Nilivyojifunza besi ukubwani bila mwalimu

Nilianza kujifunza gitaa la besi nikiwa mtu mzima, mwenye kazi na familia, na hakukuwa na mwalimu karibu. Mafunzo ya video yapo tele na yamenisaidia sana, ila video haikusikii. Haitakwambia kwamba nota imechelewa au mkono umekakamaa. Pengo hilo nililiziba kwa simu: nilijirekodi kila nilipofanya mazoezi, nikasikiliza, nikarudia kipande kilekile. Nikiulizwa nani alinifundisha besi, najibu kwamba ni rekodi zile.

Za kwako zisikilize kwa hedifoni. Uzi mnene kabisa, E, ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho.

Rekodi ndizo zilizonionyesha kwamba nusu ya kazi ya mpiga besi ni kunyamazisha nyuzi. Ukiwa umeshika gitaa, masikio yako yote yako kwenye nota unayopiga. Ukija kusikiliza baadaye, unasikia nyuzi nyingine zikivuma chini kwa chini na wimbo mzima unakuwa na ukungu. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Ninapopiga uzi wa E, kidole gumba cha mkono wa kulia hukaa juu ya pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Nikihamia uzi unaofuata, A, kinashuka na kuukalia E. Nikienda uzi wa tatu, D, kinalalia E na A kwa pamoja. Kwa mkono wa kushoto, ukitaka nota ikome usinyanyue kidole: kilegeze tu, kikiwa bado kimegusa uzi. Zoezi langu lilikuwa kupiga nota, kuikata, kuhesabu kimya cha urefu uleule, kisha kupiga tena. Linaonekana la kitoto, lakini ndilo lililofanya besi yangu ianze kusikika kama besi.

Mkono wa kushoto hauhitaji nguvu nyingi mradi kidole kikae nyuma tu ya freti, yaani kile kipande cha chuma kinachokatiza shingo ya gitaa, karibu nayo kabisa. Freti za mwanzo zimeachana sana, hasa kwenye besi ya kawaida yenye uzi unaotetemeka wa urefu wa inchi 34, kwa hiyo huko natumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho; kidole kwa kila freti nakiacha hadi nipande juu ya shingo. Ncha za vidole zikiuma ni kawaida, zitakomaa. Kifundo cha mkono kikiuma, weka gitaa chini. Mwenye mikono midogo atafute besi fupi ya inchi 30, wala asione haya.

Mkono wa kulia nilianza na kidole kimoja, na nilipata moyo kwa James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, aliyecharaza kazi zake kubwa za miaka ya 1960 kwa kidole cha shahada peke yake. Kubadilishana vidole viwili kulikuja baadaye.

Kuhusu muda, metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, nilianza nayo mapigo 60 kwa dakika. Baadaye niliishusha hadi 40 na kuyahesabu mapigo yake kama la pili na la nne, lile la kwanza na la tatu nikiyabeba mwenyewe. Ni kazi ngumu, na ndiyo inayomwandaa mtu kukaa pamoja na mpiga ngoma.

Nadharia niliyohitaji mwanzoni ilikuwa kidogo: oktava, yaani nota ileile kwa sauti ya juu zaidi, ya nota yoyote iliyo kwenye uzi wa E au A ni kuruka uzi mmoja hadi ule unaofuata na kupanda freti mbili.

Siku hizi nikichukua wimbo mpya, naimba kwanza mstari wa besi kwa mdomo hadi niushike wote. Nikikwama kuuimba, najua sijausikia vizuri bado, basi napunguza kasi ya wimbo hadi nusu na kusikiliza upya kabla sijagusa gitaa.