"Hao wa kunichukua ni akina nani?"

Mimi ni msimamizi wa usalama katika maktaba ya umma yenye ghorofa nne. Kwa muda mrefu zoezi letu la dharura lilikuwa fahari yangu: king'ora kinalia, lifti zinasimama, watu wanashuka kwa ngazi, na baada ya dakika chache wote wako uwanjani. Siku moja nilikuwa naandika muda kwenye daftari nikaambiwa bado kuna mtu ghorofa ya tatu. Nilipanda mbio. Nikamkuta mama mmoja kwenye kiti chake cha magurudumu, mkoba mapajani, mbele ya lifti iliyozimwa. Mhudumu alikuwa amemwambia, "Subiri hapa mama, watakuja kukuchukua," kisha akashuka na wengine.

"Mwanangu," akaniuliza, "hao wa kunichukua ni akina nani?"

Sikuwa na jibu. Mpango wetu ulisema watu wenye ulemavu "watasaidiwa na wahudumu". Mhudumu yupi, kwa kifaa gani, kwa njia ipi, hakuna aliyeandika. Moyoni sote tulikuwa tumewaachia zimamoto. Nilipomwita ofisa wao atushauri, alinieleza waziwazi kwamba kuwatoa watu ndani ni kazi ya wenye jengo, na kazi hiyo ianze kabla gari lao halijafika.

Kwa mfanyakazi jambo hili si gumu sana. Unakaa naye, mnaandika mpango wake mwenyewe: anafanyia kazi wapi, nani wawili watakuwa naye, atashukaje. Mgeni humjui. Anaingia asubuhi, anapanda ghorofa ya pili, saa moja baadaye yuko ya nne. Jaribio letu la kwanza lilikuwa kuwaagiza watu wa mapokezi wamuulize kila anayeonekana ana ulemavu. Lilikuwa kosa. Kijana mmoja mwenye magongo alilalamika kwa uchungu kwamba ameulizwa habari za mwili wake mbele ya foleni nzima, na alikuwa na haki. Wakati huohuo tuliwapita bila kuwaona wenye ugonjwa wa moyo, wenye pumu, wajawazito, na viziwi ambao ukiwatazama huoni lolote.

Tukabadili. Sasa kila anayeingia, awe nani, anaulizwa swali moja, ambalo pia limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: "Ikitokea dharura, utahitaji msaada kujua king'ora kinalia, au kushuka ngazi?" Hatuulizi ugonjwa. Anayesema ndiyo anapewa kadi yenye ramani ya njia za kutokea, na mapokezi wanaandika ghorofa anayokwenda, basi. Asiyetaka kusema halazimishwi, kwa hiyo ilibidi mpango wenyewe umfae hata aliyenyamaza.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimpigia simu yule mama nikamwomba aje atukague. Alikuja na wenzake wawili, kaka mmoja kiziwi na mzee mmoja asiyeona. Asubuhi ile moja ilinifundisha kuliko kozi zote nilizowahi kupelekwa.

Yule kaka aliingia chooni akafunga mlango, nasi tukawasha king'ora. Taa za kumulika tulikuwa nazo, lakini kumbini tu. Dakika saba baadaye alitoka akifuta mikono, akakuta jengo tupu. Nilitetemeka. Siku hizi kuna taa vyooni na katika vyumba vidogo vya kusomea, mahali popote mtu anapoweza kubaki peke yake. Mkalimani wa lugha ya alama alitutafsiria jambo jingine aliloongeza kaka huyo: tuhakikishe taa zinamulika kwa pamoja na polepole, kwa sababu mwanga unaowaka na kuzimika harakaharaka unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Fundi alizirekebisha zisizidi mara mbili kwa sekunde.

Mzee alishikwa mkono na mlinzi aliyetaka kumkimbiza. Akasimama kabisa. "Usinivute, kijana. Nipe kiwiko nikushike, unieleze mbele kuna nini." Wakashuka vizuri, mlinzi akitaja mwanzo wa ngazi, mahali pa kukata kona, na ngazi ya mwisho. Chini mzee alitusimulia habari za Michael Hingson, Mmarekani asiyeona, ambaye tarehe 11 Septemba 2001 alishuka kutoka ghorofa ya 78 ya World Trade Center kwa ngazi pamoja na mbwa wake wa kumwongoza. Alitaka tuelewe kwamba asiyeona anayezijua ngazi anaweza kuwaongoza wanaoona, moshi ukishatanda.

Kazi kubwa ilikuwa kwa mama. Tulikuwa tumenunua kiti cha kuokolea, kile chepesi chenye mikanda inayoteleza juu ya ngazi. Kushuka nacho ni rahisi ukishafundishwa. Ugumu uko kumhamisha mtu kutoka kiti chake. Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuchubuka au kuvunjika asihisi, na si kila mwili unashikwa kwapani. Kwa hiyo amri ya kwanza kwa wahudumu wetu ni kumuuliza mwenyewe: "Nikushike wapi?" Anajua. Wazo la kubeba kiti cha umeme tuliliondoa kabisa, kwani vingi vinazidi kilo 100 kabla mtu hajakaa.

Kiti kimoja hushusha mtu mmoja. Hesabu hiyo haihitaji kalamu, lakini hatukuwa tumeifanya mpaka kikundi cha watumiaji tisa wa viti vya magurudumu kilipoomba ukumbi wa ghorofa ya nne. Nilisema mkutano uhamie chini. Mkuu wangu aliona nazidisha. Nilimwekea mezani Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 11, kinachotaka usalama wao ulindwe katika hali za hatari, nikamwomba aniambie nani atabaki juu akingoja zamu ya tisa. Ukumbi ulihamishwa. Sikuona namna ya kulegeza hapo, na hata leo nisingelegeza.

Ofisa wa zimamoto ndiye aliyetuonyesha kwamba si lazima kukimbilia ngazi mara moja. Kila ghorofa yetu imegawanywa kwa mlango wa kuzuia moto uliotengenezwa kuhimili dakika 60. Ukimpitisha mtu upande wa pili wa mlango ule, umemtoa penye moshi na umepata muda wa kuleta kiti. Karibu na ngazi tukatenga mahali pa kusubiri, penye simu. Nilipakuta pamejaa meza mbovu na maboksi. Sasa napakagua kila Jumatatu. Tena anayesubiri hapo haachwi peke yake, mtu hukaa naye mpaka mwisho.

Katika zoezi lililofuata mama aliipiga simu hiyo. Ikaita, ikaita. Ilikuwa imeunganishwa na meza ya mapokezi, na watu wa mapokezi walikuwa wametoka nje kama tulivyowafundisha. Siku hiyohiyo tuliomba fundi aiunganishe na kifaa anachobeba mlinzi wa lango kuu.

Mwishowe tulimshusha salama, wahudumu wawili, bila pupa. Tukapigiana makofi uwanjani. Yeye hakupiga. Kiti cha kuokolea si cha kukalia muda mrefu wala mwenyewe hawezi kukiendesha, na kiti chake kilikuwa kimebaki ghorofa ya tatu. "Mmenitoa kwenye moto," alisema, "lakini nikitaka kusogea hatua mbili kutoka hapa, nimwite nani?"

Tangu wiki ile kuna viti viwili vya magurudumu vya akiba kwenye kibanda cha mlinzi, matairi yamejazwa upepo, na njia ya kwenda uwanjani imetolewa kokoto ikawekwa saruji. Zoezi lijalo ni la jioni, wakati wahudumu waliofunzwa ni wawili tu. Mama ameomba awe ghorofa ya nne.