Cheti changu, mikono ya Bamdogo

Cheti cha usajili kimetoka. Kampuni yetu sasa ni mkandarasi wa majengo daraja la saba, ngazi ya chini kabisa, na tangu tukipate Bamdogo anatembea na kivuli chake mfukoni. Jana alimwonyesha muuza nondo wa Igoma, hapa Mwanza. Yule kijana hakuwa ameuliza chochote, alikuwa anahesabu vipande vyake tu. Bamdogo akakunjua karatasi juu ya rundo la nondo, akasimama pembeni akisubiri isomwe.

Acha niandike leo, maana nikikaa nayo wiki nyingine nitaanza kuipamba.

Asiyeijua shughuli hii aelewe kwanza kwamba hapa Tanzania kujua kujenga hakukufanyi mkandarasi. Kuna Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Namba 17 ya mwaka 1997, iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwa sheria hiyo kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa ni kosa. Majengo yana madaraja saba. La kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua, na kadiri unavyoshuka ndivyo ukomo unavyobana. Barabara na madaraja ni usajili mwingine, umeme mwingine, mitambo mwingine. Bamdogo aliposikia orodha hiyo akauliza kama plasta nayo ina bodi yake.

Hayo yote unayasoma yanaisha. Kilichotukalia kooni ni kipengele kimoja cha fomu: miongoni mwa wakurugenzi lazima awemo mtu wa fani, mwenye elimu ya ufundi inayotambulika na uzoefu wa kazi. Bamdogo aliishia darasa la saba huko Magu. Mimi nina stashahada ya uhandisi ujenzi. Kwa hiyo mbele ya sheria mtaalamu ni mimi.

Sasa ngoja nikueleze mtaalamu mwenyewe ni nani.

Mwanza ni mji wa mawe, na viwanja vya milimani, kwa mfano kule Mabatini au Bugarika, vina tabia ya kukudanganya. Unachimba msingi, kona moja inakutana na mwamba futi mbili tu chini, kona ya pili unazama hadi kiunoni na bado ni udongo. Ukijenga bila kujali, upande wa udongo utashuka kidogo kidogo, upande wa mwamba hautikisiki, na ukuta utachanika hapo katikati, ufa ukipanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali. Mimi nililisoma jambo hili chuoni, kwa Kiingereza, na grafu zake. Bamdogo hushuka shimoni na nyundo. Anagonga jiwe mara chache, anainamisha kichwa, anagonga tena pembeni. Mwamba ulioshikana na ardhi unalia mlio mkavu na nyundo inamrushia mkono nyuma. Jiwe lililolala tu juu ya udongo linatoa sauti nzito, iliyoziba. "Hili ni mgeni," anasema, na hapo vijana wanajua wamepata kazi ya kutwa, kwa sababu mgeni lazima atoke hata akiwa mkubwa kuliko friji. Niliwahi kumwona akimwambia mteja kwamba kona ya nyumba inasogezwa, kwa sababu ya mlio huo tu. Mteja alinuna wiki nzima. Nyumba ipo, nimeipita juzi, haina ufa.

Huyo ndiye ambaye fomu haikuwa na nafasi yake. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake Nyakato, mimi nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza huku anakwangua zege kavu kwenye kucha.

"Mkurugenzi wa ufundi ni mimi. Mwenye hisa nyingi ni wewe, Bamdogo."

"Na fani yangu wameandika wapi?"

"Haipo sehemu yake."

"Miaka yote hii, mama?"

"Kuna sehemu ya shughuli yako. Naweza kuandika mfanyabiashara."

Akakwangua kidogo tena. "Haya, andika. Nitauza maandazi."

Nilimshauri aende VETA kwenye urasimishaji wa ujuzi, ambako fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Hajataka kusikia. Anadai kwamba kati ya watakaompima atakutana na mtu aliyemfundisha mwenyewe kushika mwiko. Mjini hapa inawezekana kabisa, lakini nadhani sababu ya kweli ni nyingine. Mtu aliyezoea kuitwa "fundi mkuu" tangu mimi nikiwa chekechea hataki kukalishwa kwenye dawati.

Upande wangu nilikuwa na la kwangu. Nilikuwa nimeajiriwa na mkandarasi mwingine, mkubwa kidogo, saiti iko Buswelu, mshahara unaingia. Huwezi kuwa mtaalamu wa kampuni hii huku unafanya kazi kwa ile. Ilibidi niache. Mama aliposikia akaniuliza taratibu, kwa ile sauti yake ya hatari, "Unaacha mshahara ukamfuate shemeji yangu na pikapu yake?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na mpaka leo akiongea na Bamdogo kwenye simu anaanza kwa kuuliza kama nimekula.

Ipo njia ya mkato, na kila aliye kwenye ujenzi anaijua ingawa hakuna anayeitaja kwa sauti: kukodi cheti. Unamtafuta mtu mwenye sifa, anasaini fomu, anapata chochote kila mwaka, na saiti zako hajui hata ziko kata gani. Jamaa mmoja alituletea hesabu yake na ilikuwa rahisi kweli kuliko kuniondoa mimi Buswelu. Bamdogo aliitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyekataa, na si kwa utakatifu. Tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, nilikuwa saiti, na vijana wote waliacha karai wakakusanyika kwenye simu moja kutazama watu wakitolewa kwenye kifusi. Siku ile sikutaka kuwaza jina langu liko kwenye jengo ambalo sijawahi kukanyaga. Ndiyo maana hata nikiilalamikia fomu, siwezi kusema fomu isiwepo.

BRELA, wanaosajili kampuni, ilikuwa mtandaoni na haikuchukua muda, isipokuwa kitambulisho cha NIDA cha Bamdogo kina herufi moja pungufu kwenye jina la babu. Majina ya Kisukuma na makarani hawajawahi kuelewana. Benki wanaandika hivi, kadi ya kupigia kura hivi, NIDA vile. Kiapo kwa wakili, muhuri, basi. Namba ya mlipakodi, ofisi, akaunti ya kampuni, vyote vilikuwa vya kuhangaikia lakini vina mlango unaoeleweka.

Mashine ya zege ndiyo ilikuwa kisa.

Bodi inataka kuona vifaa na uthibitisho kwamba ni vyako. Mashine tunayo, inapiga kazi kila siku, Bamdogo aliinunua zamani kwa fundi mwenzake wa Usagara. Fedha mkononi, shahidi mmoja ambaye sasa ni marehemu, risiti hakuna. Na kwenye pipa lake, kwa herufi za kuchomelea zenye ukubwa wa kiganja, kuna jina la yule mwenye nalo wa kwanza. Limepakwa rangi ya bluu mara nyingi lakini jua likipiga kwa ubavu unalisoma vizuri. Tukamtafuta yule mzee. Alishahamia Geita. Akakubali kuja kuandikishana hati ya mauziano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akaomba nauli, tukatuma. Alipofika akaizunguka mashine, akaipapasa pale kwenye jina lake, akaanza kusema kwamba bei za siku hizi si zile. Bamdogo akamwita pembeni. Sijui walizungumza nini. Walirudi wanacheka, mzee akatia dole gumba kwenye hati, na baadaye nikaona pikapu yetu haina spea taya.

Siku ya ukaguzi ofisi yetu, ambayo ni fremu ya mbele ya nyumba ya Bamdogo iliyokuwa duka la vinywaji, ilikuwa bado inanuka rangi. Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Akakagua mashine, vaibreta ya kushindilia zege, kadi ya pikapu, akaja kwangu na maswali machache. Zege la nguzo unachanganya vipi? Nikajibu moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga, kokoto, na maji yapimwe yasimwagwe kwa macho. Nyuma yake Bamdogo alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, midomo ikicheza bila sauti. Lilipokuja swali la kutunza zege baada ya kumwaga, kreti likalia. "Usiliache likauke siku saba," akasema mwenyewe, "na upepo wa ziwa ukiwa mkali lifunike kwa magunia yaliyoloa, maana upepo unakausha kuliko jua." Mkaguzi akageuka. Akauliza, "Na mzee ni nani hapa?" Bamdogo akanitazama mimi nimjibie.

Nilisema ni mwenye kampuni. Lilikuwa jibu sahihi na lilinikera.

Watu wanafikiri ukishasajiliwa kazi zinamiminika. Zabuni za serikali ziko kwenye mfumo wa NeST, unajisajili, unaingia, unasoma masharti, na karibu kila moja inauliza kampuni imewahi kufanya kazi gani za namna hiyo. Kampuni yetu imezaliwa juzi. Mwaka 2021 serikali ilipopata ule mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na kujenga madarasa 15,000, Bamdogo alijenga ya kwake huko Misungwi kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi. Watoto wanasoma humo hadi sasa. Lakini mkataba ule ulikuwa wa fundi, wa kurasa chache, na kamati ya shule, si wa mkandarasi, na ulisainiwa na mtu ambaye kwa karatasi zetu mpya ni mfanyabiashara. Nimeupiga picha na kuuweka kwenye faili la kampuni hata hivyo. Sijui kama kuna atakayeusoma.

Tumebaki na wateja binafsi, ambao wengi wanauliza kwa nini walipie mkandarasi wakati fundi yupo. Swali la haki. Wa kwanza kuja na cheti kikiwa kimeshabandikwa ukutani alikuwa mama mmoja mwenye kiwanja Luchelele, pale pale ziwani. Anataka nyumba ya wageni, vyumba vya mbele viangalie maji. Ana fedha, ana ramani nzuri. Tukaenda kuona. Mahali alipopiga vigingi, ukirusha jiwe bila kujitahidi linaingia ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sote tuliokuwepo Mwanza mwaka 2020 tunakumbuka maji yalivyopanda yakawafuata watu majumbani. Zamani Bamdogo angesema kiwanja ni cha mwenyewe, akaanza kuchimba. Safari hii alipima kwa hatua zake kutoka kwenye maji, polepole, akiwa amevua viatu, akafika kwenye kigingi mapema mno. Akarudi kwa yule mama akamwambia kwa masikitiko makubwa, "Mimi sina neno. Ila mkurugenzi wangu wa ufundi ni mkali sana."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekataa. Yule mama hata hakunijibu, alimpa Bamdogo pole.

Wiki iliyofuata tukasikia msingi umeshachimbwa, na aliyechimba ni kijana aliyewahi kuwa saidia wetu. Hana cheti, hana bodi ya kumfuta. Bamdogo alikaa na habari hiyo siku mbili. Jana jioni ikatoka: ada ya mwaka ya bodi inakuja, fremu tumeigeuza ofisi haiingizi hata soda, na mashine ya zege, ambayo sasa ina hati kuliko yeye mwenyewe, imelala.

"Ada nani atalipa, mama? Sangara?"

Nikamwambia kuna zabuni ya vyoo vya shule huko Ilemela, inafungwa Alhamisi, na masharti ya uzoefu si makali. Akauliza matundu mangapi, na kama tenki la maji limo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, au ndiyo watatukumbusha tukishaezeka.