Siku Wakulima wa Mwani wa Jambiani Waliponituma kwa Mwongozaji

Watu wakitoka kutazama filamu ya hali halisi husifu picha. Sauti huikumbuka pale tu inapokwaruza. Mimi niliingia katika kazi hii kwa mlango wa sauti, na hadi leo kijana akiniuliza aanzie wapi kama anataka kutengeneza filamu za mazingira na maisha ya watu, namwambia ashike kinasa sauti kwanza. Kamera hutazama upande mmoja. Mtu wa sauti anasikia pande zote, na mara nyingi jambo lenyewe liko pale ambapo kamera haikuelekezwa.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Kampuni moja ya Ulaya ilikuwa inatengeneza filamu ya mabadiliko ya tabianchi, ikataka habari ya mwani. Hawakukosea kuichagua. Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianzia hapo Jambiani na kwa majirani zao wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kikaenea Unguja na Pemba mpaka wakulima wakapita 20,000, wengi wao wanawake. Mwani ukishakaushwa husafirishwa nje ya nchi, hutolewa karajinani, ambayo hutiwa kwenye aiskrimu, dawa ya meno na vipodozi ili viwe vizito. Akina mama ambao hapo zamani kila senti waliiomba kwa mume walitia bati nyumba zao kwa fedha ya mwani, wakawanunulia watoto sare za skuli. Kisha maji yakaanza kupata joto. Kotonii, aina yenye bei nzuri, ikawa inageuka nyeupe na kukatikakatika majini. Iliyobaki ni spinosamu, inayostahimili zaidi, na bei yake ni ya kusikitisha.

Tulikuwa watu wanne: mwongozaji, mpiga picha wake, dereva wetu wa mjini, na mimi. Mimi nilikuwa mtu wa sauti, mkalimani, mtafuta vibali na mpanga chakula cha mchana. Kwenye majina ya mwisho wa filamu kazi zote hizo huitwa msaada. Wenzangu wengi wa Afrika Mashariki wamekaa miaka na miaka katika neno hilo moja, wanaijua nchi na watu wake, wanafungua milango yote, na filamu inapotoka inakuwa ya mtu mwingine. Sisemi hili kwa kinyongo. Nalisema kwa sababu ni sehemu ya kazi ambayo kijana anapaswa kuijua kabla hajaingia.

Ilikuwa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali sana na akina mama hupata saa chache za kufanya kazi kwenye mashamba yao. Siku za maji mafu hawaendi, kwa sababu bahari haitoki vya kutosha. Kwa hiyo saa tatu asubuhi tayari walikuwa njiani, mafungu ya kamba begani, miguuni wamevaa raba kuukuu kwa ajili ya miba ya shokomzoba.

Nilimfuata mama aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Wenzake wote walimwita Mwenyekiti, basi na mimi nitamwita hivyo hivyo.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Hicho kidude ndo cha kunivisha?”

Nikamweleza kwamba kile ni kipaza sauti, kinabanwa ndani ya kanga, na kijisanduku chake nimekifunga ndani ya puto kisiingie maji. Nikamwambia pia, kama ninavyomwambia kila mtu, kwamba kikishawashwa nitasikia kila atakachosema, hata akinong'ona, hata kama nitakuwa mbali. Kama kuna neno hataki libaki, aniambie nilifute.

“Hata nikikusema wewe?”

“Hata ukinisema mimi.”

Akacheka, akajibana mwenyewe.

Mwongozaji alikuwa na orodha ya picha. Nakumbuka ilivyokuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: safu ya wanawake wakiingia baharini, safu ya wanawake wakiinama, mikono, kanga na rangi zake zikionekana kutoka juu kwa droni. Walipoingia mara ya kwanza jua lilikuwa limejificha, akaomba warudi ufukweni waingie tena. Nikatafsiri. Wakarudi, wakaingia tena. Alipoomba mara ya pili, Mwenyekiti hakugeuka hata shingo.

“Mwambie maji hayatungojei,” akasema, akaendelea kutembea.

Walipofika shambani wakatawanyika kila mtu kwenye kamba zake. Hapo ndipo nilipoiona kazi ile kwa karibu. Kamba imevutwa baina ya vigingi viwili vilivyopigwa mchangani, na juu yake zimening'inia tai-tai, vikamba vidogo vya kufungia mbegu. Mwenyekiti alikuwa anashika kichane cha mwani kiasi cha kiganja, anakizungusha tai-tai, anavuta kwa kidole cha shahada, anasogea hatua moja. Hakuwa anatazama anachofunga. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimepasuka kwa chumvi, na kila alipovuta fundo alikunja kidole gumba kulikwepa lile jeraha. Droni ilikuwa juu yetu inavuma. Kutoka kule juu kidole hakionekani.

Na masikioni mwangu akina mama walikuwa wanazungumza.

Hawakuwa wanazungumza habari za tabianchi. Mmoja alikuwa anasema alipima mzigo wake nyumbani, alipoufikisha kwa mnunuzi mizani ikasoma pungufu. Mwingine akajibu kwamba na wake vilevile. Wa tatu akasema kilo saba za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, na hiyo kilo moja ni shilingi mia nne na kitu, sasa wakikukata na hapo unabaki na nini? Mwenyekiti akauliza nani kati yao anaandika. Kimya. Akasema yeye anaandika, ana daftari la tangu mwanawe wa mwisho ananyonya. Kisha mmoja akatupia macho upande wetu.

“Na hawa nao, kila wakija wanatupiga picha tumeinama. Hatuna nyuso?”

Wakacheka wote. Nilikuwa nimesimama maji ya magoti, sindano ya kinasa sauti inapanda na kushuka kwa kicheko chao, nikawa najiuliza kama hayo niliyosikia ni yangu kuyapeleka popote. Mwenyekiti akalimaliza swali langu. Aliinuka, akashika kiuno, akanitazama moja kwa moja kutoka kule alikokuwa, na bila kupaza sauti hata kidogo akasema:

“Wewe kijana, najua umesikia. Mwambie bwana wako.”

Nikamwendea mwongozaji nikamwambia neno kwa neno: mizani, kilo saba, daftari, na lile la nyuso. Sikulainisha kitu. Mkalimani ana kishawishi cha kulainisha ili kazi iende, na mimi naona huo ni usaliti kwa pande zote mbili.

Alikuwa mtu mwema, hilo nitalisema. Alinyamaza, akazima droni, akaenda mwenyewe mpaka kwa Mwenyekiti kumuuliza angependa wapigwe picha gani. Jibu likawa fupi: “Njooni siku ya mizani.” Siku ya mizani ilikuwa wiki iliyofuata, na tiketi zao za ndege zilikuwa za keshokutwa.

Usiku ule tulikaa barazani nyumba ya wageni tukabishana kwa heshima. Alinieleza kuwa aliipenda kazi hii tangu utotoni, alipoona filamu ya Serengeti ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ile iliyopata Oscar mwaka 1960. Michael hakuishi kuiona tuzo. Ndege yao ndogo iligongana na tumbusi Januari 1959, akazikwa Ngorongoro. Nikamwambia naiheshimu filamu ile na kaburi lile, lakini mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti, na kwetu sisi habari ya wanyama na habari ya watu haijawahi kuwa habari mbili. Mimi niliyemtazama nikiwa mdogo ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima. Alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alinifundisha kwamba mtu wa hapa anaweza kushika kamera yenyewe.

Mwongozaji akaniuliza, basi mbona hushiki? Nikamwambia ninayo, ndogo. Akaenda chumbani akaniletea betri za akiba na kadi, akasema nibaki mpaka siku ya mizani, nikipata picha nzuri atazinunua, nisipopata, betri na kadi ni zangu.

Nikabaki. Siku ya mizani wakala wa mnunuzi aliniruhusu kukaa nje lakini si kuingia na kamera ghalani. Nilimwelewa kwa kiasi. Wanunuzi ndio huwapa akina mama kamba na tai-tai, na bei yenyewe inapangwa mbali sana na Unguja. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake ndiko kilo zilikokuwa zikisomwa.

Mwenyekiti akakalia gunia nje ya ghala, akafungua daftari lake, lile la skuli lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akaniambia nisogeze kamera. Akaanza kusoma. Tarehe, kilo alizopima nyumbani, kilo zilizosomwa ghalani, fedha aliyopewa. Tarehe, kilo, kilo, fedha. Alikuwa anaweka kidole kilekile kilichopasuka chini ya kila mstari, na alipofika kwenye miaka ambayo kotonii ilikufa, aliinua uso akasema, “Hapa bahari ilichemka,” akarudi kwenye tarakimu. Wenzake walisimama nyuma yake wima, wakiitazama lenzi. Ndani ya daftari moja kulikuwa na joto la bahari, bei ya dunia na mizani ya kijiji.

Filamu ya Ulaya ilitumia sekunde chache za daftari lile. Hazikuwa nyingi, ila zilikuwemo. Nami nikatengeneza yangu fupi, ya kwanza iliyobeba jina langu kama mwongozaji. Kabla sijaipeleka popote niliirudisha Jambiani, tukatundika shuka ukutani kwa skuli. Nilikuwa nimeuona utaratibu wa ZIFF, tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar, wa kupeleka filamu vijijini, nikaona kwamba waliopigwa picha ndio wa kwanza kustahili kuketi. Kidogo niliweka maelezo ya mtafiti, maana Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, alilishughulikia suala la mwani na joto la bahari miaka mingi, na ushauri wake wa kulima maji ya kina kirefu na kutengeneza sabuni ya mwani akina mama walikuwa wanaujua tayari. Nafasi kubwa niliwaachia wao na hesabu zao.

Filamu ilikuwa haijaisha walipoanza kujibizana. Mmoja alisimama mbele ya shuka, picha ikimwangukia mgongoni, akasema tarakimu za Mwenyekiti za mwaka fulani si sahihi, yeye mwaka ule alipata bei nyingine. Akaambiwa alete daftari lake. Akasema hana. Basi akaambiwa anunue kesho, na kila mtu anunue, na kikundi kichange mizani yake kiiweke kwa Mwenyekiti, mzigo upimwe mbele ya watu kabla ya kwenda ghalani. Wanaume waliokaa nyuma wakataka kusema, wakaambiwa wangoje zamu. Nikazima projekta kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitazama tena. Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza mizani nzuri mjini inauzwa duka gani na shilingi ngapi, kisha akapita na kanga yake baina ya safu kukusanya mchango, akiandika jina la kila aliyetoa.