Tableti ya mama haikua imekufa, ilikua imejaa

Jumapili moja nimeenda kwa mama Buruburu, natafuta kitambaa cha meza kwa droo, nikapata tableti yake huko chini imezimwa na imeshika vumbi. Nikamuuliza, kwani mama hii uliacha kutumia? Akasema, "Aai, hiyo ilinishinda. Nafikiri vidole vyangu vimekua vizito, nikiguza haisikii."

Hio maneno iliniuma sana. Vidole vyake viko sawa kabisa, bado anashona, bado anachambua mchele na hakuna jiwe linampita. Ni ile kitu ilikua inachukua nusu dakika kufungua WhatsApp, yeye anaguza, haifunguki, anaguza tena, inafungua vitu mbili mara moja, anaona ni yeye ameharibu. Na najua ako na wenzake wengi hapa Nairobi, wazazi wetu walionunuliwa hizi tableti na watoto wakaambiwa "ni rahisi tu", saa hii ziko kwa droo na wao wanafikiri umri ndio shida. Ndio maana naandika hii yote, ili ukienda kwa mzazi wako wikendi uketi naye uitengeneze kabla hajaambiwa anunue ingine.

Yake ni Samsung Galaxy Tab A ya inchi 10.1, ile ya 2016, ya kuweka laini. RAM, ile memori ya kushikilia apu zilizofunguliwa, ni gigi 2, storeji ya kuweka vitu ni gigi 16, na kwa hizo 16 mfumo wenyewe unakula gigi kadhaa kabla hujaweka chochote. Ilitoka na Android 6 na Samsung wakaiachia kwa Android 8.1. Kwa hivyo ni ya kitambo, sikatai, lakini hakuna kitu kimeharibika ndani, skrini ni safi, betri inakaa. Mjukuu alikua ameipeleka kwa fundi mmoja tao, akaambiwa ni ya kuflashi, yaani kufuta yote na kuweka mfumo upya, shilingi 2,500, na hata hapo hakuna garantii. Nashukuru hakulipa.

Kitu ya kwanza, kabla uguze setingi yoyote, jua kama ni tableti iko polepole ama ni waifai. Watu wanachanganya hizo mbili kila siku. Weka modi ya ndege alafu ufungue picha, ufungue kalenda, uzungushe zungushe. Ya mama ilikua inakwama hata hapo bila neti yoyote, kwa hivyo router tukaiondolea lawama. Kama yako inakimbia ukiwa kwa modi ya ndege, basi acha tableti, tafuta shida kwa mtandao ama kwa hio ukuta kati ya wewe na router.

Alafu nikaangalia storeji. Ilikua imebaki megabaiti mia tatu na kitu. Hapo ndio shida karibu yote ilikua imelala, na nataka nieleze kwa nini, juu wengi wanafikiri storeji ikijaa kazi yake ni kukataa picha mpya tu, kumbe inavuta kila kitu nyuma. Hii memori ya ndani haiandiki juu ya kitu cha zamani vile unaandika kwa ubao. Lazima kwanza ifute sehemu nzima ndio iandike upya, na kama ndani ya hio sehemu kuna vitu bado vinahitajika, inavihamisha kwanza. Fikiria bedsita ya mtu mmoja yenye wageni sita wamelala chini: ukitaka kufagia lazima uamshe huyu asonge pale, utoe godoro, ufagie kidogo, urudishe, uende kwa mwingine. Chumba ni kile kile, ufagio ni ule ule, lakini kazi ya dakika tano imekua saa nzima. Tableti iliyojaa inafanya hivyo kila sekunde, juu apu zote zinaandika andika vitu vidogo hata ukiwa umeiangalia tu.

Nani alijaza? WhatsApp. Vikundi vya kanisa, chama, familia ya upande wa baba, familia ya upande wa mama, kamati ya harusi ambayo harusi yenyewe iliisha 2021, na kila asubuhi maua, mishumaa, video za mahubiri, vyote vinajidaunlodi vyenyewe. Ingia kwa WhatsApp, setingi, storeji na data, alafu pale pa kusimamia storeji, itakuonyesha vile vikubwa kupita megabaiti 5 na vile vimeforwadiwa mara nyingi, na kila chati imekula ngapi. Alafu zima ile ya kudaunlodi media yenyewe, kwa waifai na kwa data, ili akitaka kuona video aguze mwenyewe. Jua pia kwamba WhatsApp inaweka bakap ndani ya tableti kila usiku na inahifadhi za siku kadhaa za nyuma, hizo nazo ni uzito.

Lakini tafadhali usifute peke yako. Mimi nilitaka kuchagua yote nifute, mama akashika mkono wangu. Tukakaa karibu masaa mawili tukipitia. Kulikua na picha za "asubuhi njema" nyingi sana kutoka kwa rafiki yake mmoja wa chama ambaye tulimzika mwaka jana, na kwangu zilikua takataka zile zile za maua na kikombe cha chai, kwake zilikua barua. Hizo hatukuguza. Video za mahubiri alisema futa, ameshasikia. Video ya harusi ya binamu, ile ya megabaiti mia mbili, tukaihamisha kwa kadi.

Kwa hio kadi, sikiza. Tableti hii inaweka kadi ndogo ya memori na ukiwa Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki tao, utauziwa ya bei ya ajabu imeandikwa gigi 512. Kuna kadi feki ambazo zinajionyesha ni kubwa kumbe ndani ni gigi chache, unajaza picha zinaingia vizuri, siku ukizifungua ni kijivu tupu. Nunua ya gigi 32 ya kampuni inayojulikana, duka lenye linakupea risiti, na ukifika nyumbani ijaze na mafaili yoyote mpaka ikaribie mwisho, ufungue yale ya kwanza na yale ya mwisho uone kama yanafunguka. Ndio uweke picha za familia, na hata hapo weka kopi kwa kompyuta. Na picha zihamishie kadi, lakini apu ziache ndani, juu hizi kadi za kawaida ni polepole kuliko memori ya ndani na apu itakwama zaidi.

Tulipomaliza ilikua na gigi nne na nusu ziko wazi. Nikairestati. Mama akafungua WhatsApp, sekunde kama kumi. Hakusema kitu, alifunga akafungua tena.

Sasa kitu chenye sikutarajia, na ndio nafurahia zaidi kukipata. Nikamuuliza kabla ikushinde ulikua unaitumia aje, akasema akimaliza alikua anaitoa kwa chaji na kuizima kabisa, juu ya tokeni za stima na juu hataki ilipuke, anaiwasha tena Jumapili jioni inayofuata. Unaona? Android tangu 4.3 ya 2013 iko na kazi ya kujisafisha inayofanya yenyewe, inaambia memori ya ndani ni sehemu gani zimefutwa ndio zitayarishwe, na hio kazi inangoja wakati tableti imewashwa, skrini imezimwa, hakuna mtu anaiguza na iko na chaji ya kutosha. Kwa ufupi usiku. Tableti ya mama ilikua haipati usiku. Alafu Jumapili ikiwashwa baada ya wiki nzima, apu zote zinaamka pamoja kutafuta apdeti, WhatsApp inavuta jumbe za siku saba, Google inasinki picha, na ni wakati huo huo mama anataka kusoma. Nusu saa ya kwanza lazima ikwame, alafu yeye anachoka anaizima, na ile kazi inakatika katikati, wiki ijayo inaanza tena. Nikamwambia mama, iache ikiwa imewashwa, iweke kwa chaji usiku mbili tatu kwa wiki, hapo juu ya meza, sio kwa kitanda na sio ndani ya ile kava nene. Stima inayokula kwa usiku mmoja ni kidogo sana, hata shilingi tano haifiki. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Ingine ni ile ya kufagia apu zote kila saa. Mimi ndio nilikua nimemfundisha, eti ukimaliza bonyeza kile kitufe utoe zote, na nilikosea, nikamwambia hivyo. Android inashikilia apu kwa RAM makusudi ili ukirudi ifunguke haraka, na RAM ikihitajika inaitoa yenyewe. Ukiitoa wewe, wakati ujao inaanza kutoka mwanzo, inasoma kila kitu upya kutoka kwa ile memori ya polepole. Toa tu apu iliyokwama. Na zile apu za kuongeza spidi, zenye picha ya roketi ama ufagio, toa zote, ya mama ilikua nazo mbili, zinakaa kwa RAM siku nzima zikionyesha matangazo na kuua apu ambazo zinarudi dakika hio hio.

Kulikua na akaunti nne za Google pale, ya mama, yangu ya zamani, na za wajukuu wawili waliocheza gemu wakati shule zilifungwa 2020. Kila moja inasinki barua pepe, picha, kalenda. Tukabakisha ya mama. Facebook yenyewe ilikuja nayo na haitoki, lakini unaweza kuizima kwa setingi za apu, unarudisha apdeti zake nyuma, na kuweka Facebook Lite. Wijeti ya hali ya hewa na ile picha ya ukutani ya maji yanayotembea, nje.

Kuna pia ujanja wa animesheni. Enda setingi, kuhusu tableti, habari za softiwea, uguze bild namba mara saba, itakuambia umekua developa. Rudi kwa menyu mpya, tafuta zile skeli tatu za animesheni, weka 0.5 zote. Haiongezi nguvu yoyote ya mashine, inafupisha tu ule muda wa madirisha kuteleza, lakini kwa mtu aliyekua anaguza mara mbili juu anaona hakuna kitu kinafanyika, inasaidia kweli. Usiguze kitu kingine huko ndani.

Kuriseti kabisa sikufanya na nakuomba iwe ya mwisho. Ukilazimika, kwanza toa akaunti ya Google kwa setingi ukiwa unajua neno la siri. Tangu Android 5.1 kuna kufuli, ukiriseti kupitia vile vitufe vya pembeni bila kutoa akaunti, ikiwaka inadai akaunti ile ile iliyokua hapo, na kama ni tableti ilinunuliwa mkono wa pili ama neno la siri lilisahaulika, umebaki na sahani. Nimeona watu wamekwama hapo.

Na kuna mahali haitafika. Tangu 2025 Chrome mpya zinataka Android 10 kwenda juu, kwa hivyo ya mama haipati tena, na Android 8.1 haitengenezewi viraka vya usalama. Ndio maana M-Pesa na benki tumeziacha kwa simu yake, hapo sina mjadala, hata aniombe aje. YouTube tunaweka 480p. Gemu hakuna. Ni ya kusoma, WhatsApp, picha, na kuongea na dadangu kwa video Jumapili, na hizo nne inafanya vizuri.

Niliondoka saa moja jioni. Nikiwa kwa matatu Jogoo Road ikaingia mesej kutoka kwa mama, iliyotumwa kwa tableti, picha ya maua na kikombe cha chai, imeandikwa asubuhi njema. Nilijua ni ya nani.